Chombo cha Maziwa Nilichokiosha kwa Sabuni

Ndiyo, Mama, nilikiosha. Nilikiosha vizuri kama ulivyonifundisha, ndani na nje, nikakisuuza kwa maji safi, nikasuuza tena, kisha nikaingiza pua kunusa. Kilinukia sabuni tupu. Nikakipindua juani juu ya ua wa miti, nikarudi nyuma kidogo kukitazama, nikajiona mkwe bora kuliko wakwe wote wa Masisi. Hata mluzi nilipiga.

Usicheke bado. Njia nzima nimekuwa nikizungumza nawe kichwani, na sasa nimepata karatasi na kisiki cha kukalia, basi wacha nikueleze kwa mpango, ingawa furaha niliyo nayo haitaki mpango.

Nimeoa, Mama. Naandika neno hili na kulisoma tena kama mtu aliyepokea zawadi akadhani wamekosea nyumba. Nimemwoa Aline. Wewe ulimjua kama muuza jibini, yule msichana wa fromaji tu, aliyekuwa akiteremka kutoka milimani na shangazi yake, wakiuza Mubi, kisha wakija kula majani ya sombe kwenye malewa yetu, kibanda chetu cha chakula, katikati ya madereva wa malori. Hukujua kwamba angekuwa mkwe wako. Mimi pia sikujua. Ulipokwisha kwenda, alikuja siku moja akakuta mlango wa malewa umefungwa na meza zimepangwa ukutani. Akaniuliza, "Mama iko wapi?" Nilipomwambia, aliketi pale kizingitini, kikapu cha fromaji mapajani, akalia. Hakunipa pole ya mdomo. Alikulilia wewe kama mtu wake. Nafikiri nilimpenda pale pale, lakini nilikuwa na huzuni nyingi, sikulijua jina la kitu kile.

Ana mwanya, Mama. Akicheka, huwezi kubaki na hasira hata kama umekanyagwa. Akitembea mlimani, mikono yake iko nyuma ya mgongo kama mzee anayekagua shamba lake, na hapumui kwa nguvu. Na kuna asubuhi ninaamka kabla yake, namwangalia alivyolala, kitenge kimefika puani, nasema kimoyomoyo: Bwana, huyu ni wangu kweli, ama nimeazimwa?

Tulifunga ndoa kanisani Walikale. Kwa kuwa Papa alikufa mimi nikiwa mdogo na wewe haupo, wazee wa kanisa ndio waliosimama upande wangu. Walisema vizuri. Lakini kiti chako, Mama, niliomba kiachwe wazi, na Aline alikiwekea kitenge chake kimoja juu. Nilipokiona nilishindwa kuimba.

Mtu mmoja hakuja: Koko, bibi yake Aline, yule aliyemlea tangu akiwa mchanga. Miguu yake haiwezi tena kuteremka milima ile. Lakini haikuwa miguu tu. Kwa simu alimwambia Aline maneno ambayo mke wangu alinificha, nikayajua baadaye: "Ule kijana alikuja kuposa na watu ya kanisa. Watu ya kanisa hawakumuzaa. Nani njo alimulea? Siwezi kubariki muntu sijue tumbo lenye alitoka." Na wajomba zake Aline, walioko Mushaki, walisema wao wanangoja neno la Koko. Akisema ndiyo, tutapokewa kama watoto wa nyumba. Akinyamaza, tutapewa chakula na kitanda kama wageni, na ndoa yetu itabaki jambo la Walikale, la huko chini msituni.

Basi tukaamua kwenda. Pikipiki ilitutoa Mubi mpaka Walikale, na kutoka hapo, kwa sababu mlima ulikuwa umemeguka na kuifunga barabara, tukaenda kwa miguu kuelekea kwa Koko, juu milimani Masisi, kabla ya kufika Mushaki, njia nzima tukipanda. Mama, wewe ulinizaa msituni, mahali pa tambarare na matope. Hakuna aliyeniambia kwamba dunia inaweza kusimama wima namna ile! Tulivuka mito juu ya magogo, Aline akinishika mkono kama vile ni mimi bibi arusi. Buti zangu zilinitoa malengelenge mpaka nikaanza kutembea kama bata. Mvua ikaloweka chumvi yetu, kwanga ya mwisho, mkate wa muhogo, tuliigawana tukiwa tumesimama chini ya bashi la turubai, na dumu la mawese, bidon niliyoibeba begani, hatukuigusa, maana ilikuwa zawadi ya kumpelekea Koko. Hata hivyo, sikuwahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa na njaa na nimelowa na nampenda mke wangu, yote kwa pamoja.

Kisha msitu ukaisha. Uliisha ghafla, kama nguo iliyokatwa kwa mkasi, na mbele yetu yakaanza malisho. Majani mafupi, mabichi mno, yanapanda na kushuka mpaka kwenye ukungu. Miti ya mikaratusi kwenye migongo ya vilima. Ng'ombe wenye pembe ndefu wamesimama kwenye mteremko, na nikajiuliza kwa nini hawaporomoki. Baridi yake ni ya kunywa. Aline akavua viatu, akakimbia na mzigo mgongoni, akapiga kelele kwa Kinyarwanda, na kutoka kwenye nyumba ya mbao chini ya kilima akatokea kikongwe mdogo, mwembamba, mwenye buti za mpira na kitenge kichwani.

Alimkumbatia Aline kwa muda mrefu, wakibadilishana mashavu, wakisemeshana pole pole. Kisha akanigeukia, akanipa vidole vyake, si mkono mzima, akasema, "Karibu, mugeni."

Mugeni. Nilihisi mkono wa Aline ukipoa ndani ya mkono wangu.

Lakini tulipumzika, Mama, lazima nikuambie jinsi tulivyopumzika, kwa sababu hata katika mashaka yale mwili ulikuwa unashukuru. Aline alichemsha maji akatia chumvi, akaniosha miguu, akitoboa malengelenge kwa mwiba na kunipulizia kama mtoto. Tulikula viazi vya moto na maharage. Soksi zetu zilining'inia juu ya moto zikitoa moshi wake. Tulilala kwenye kitanda cha mbao chenye majani makavu yanayonukia, blanketi zito kama mtu wa tatu, na nje kimya kile cha milimani, ng'ombe tu wakipumua. Nilidhani nimekufa nimefika uliko.

Na kulikuwa na maziwa. Aline alipewa maziwa katika chombo cha mti, kirefu, cheusi kwa uzee, chenye mdomo mwembamba na kifuniko kilichosukwa. Alikunywa, Koko naye akanywa humo humo. Mimi nilipewa maziwa kwenye kikombe cha plastiki chenye picha ya maua. Yalikuwa matamu. Lakini nilielewa kikombe kile.

Asubuhi iliyofuata Koko na Aline wakaenda soko dogo la juu ya kilima kututafutia vitu vya njia: chumvi, maharage, sambaza kavu, dagaa wa ziwani wanaopandishwa kutoka Bweremana, fromaji mbili. Waliniacha nipumzishe miguu. Nami, Mama, unanijua, nikikaa bila kazi nyumbani kwa watu nawashwa mwili. Nikafagia uwanja. Nikapasua kuni. Nikaosha masufuria mpaka yakang'aa. Halafu nikakiona kile chombo cha mti karibu na mafiga, kimeinamishwa, ndani ni cheusi, kinanuka moshi mtupu. Nikasema maskini Koko, macho yamechoka, haoni tena uchafu.

Nikachukua sabuni ya unga.

Wa kwanza kuona alikuwa Papa Mateso, jirani anayemsaidia Koko kuchunga. Alikuja na fimbo yake mabegani, akasimama mbele ya ua, akakitazama chombo, akanitazama mimi na sabuni mkononi, akashika kichwa. "Mukwe! Umefanya nini? Eh, Yesu. Hii kijana ya musitu, kesho tutamukuta anasugua ng'ombe na buroshi!" Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha alipowaona wale wawili wakishuka kilima, kicheko kikamwisha, akaondoka upesi kwenda kuangalia ndama ambaye hakuwa na tatizo lolote.

Koko hakupaza sauti. Aliweka kikapu chini, akakishusha chombo kutoka kwenye ua, akanusa. Akanusa tena. Akakipeleka kwenye pua ya Aline, naye Aline akafumba macho.

"Na nini?" Koko akaniuliza.

"Na sabuni, Koko."

Akaingia ndani nacho, akafunga mlango.

Hapo ndipo Aline alinieleza mambo ambayo mtoto yeyote wa kule anayajua kabla ya kujua kutembea. Chombo cha maziwa hakiguswi na sabuni. Husuuzwa kwa maji ya moto matupu, hukaushwa, kisha hufukizwa kwa moshi wa majani fulani ya mlimani, na moshi ule ndio usafi wake. Ndio unaoyatunza maziwa na kuyapa utamu. Harufu niliyodhani ni uchafu ilikuwa ya miaka. Chombo kile Koko alipewa na mama yake siku aliyoolewa. Ng'ombe wake walikuwa wengi, vita ikawapunguza, akabaki na wachache. Amehama na kurudi, na kila mara alipokimbia alikibeba chombo kile mgongoni mahali pa kubeba mtoto.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwambia Aline, "Tufunge mizigo twende, nisimwongezee aibu." Mke wangu akanishika masikio yote mawili, hivi, kama unavyomshika mbuzi, akasema, "Tukitoka sasa, tutatoka wageni. Mi sitoke hapa mugeni wa Koko yangu. Kaa."

Nikakaa. Mama, nilikaa nikitazama ukungu, nikafikiri: sasa ndio umeona tumbo nililotoka, Koko. Na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Sikuogopa kwamba amenidharau mimi. Niliogopa kwamba amekudharau wewe.

Jua lilipoanza kuegemea mlima, mlango ukafunguka. Koko alikuwa na chombo kwenye kwapa na fungu la majani makavu mkononi. "Kuja, mugeni. Mwenye kuchafua njo atasafisha."

Kuchafua, alisema. Nikaenda.

Akanifundisha. Maji ya moto kwanza, kumwaga, tena maji ya moto, kutikisa, kumwaga. Kukikausha juani bila haraka. Kisha makaa machache kwenye kigae, majani juu yake, na moshi ukianza kupanda mweupe, unakifunika chombo juu ya moshi, unakizungusha taratibu, unakiacha kivute, unakitoa, unarudia. Moshi ule hauumi macho. Unanukia kama mkate na mvua. Koko alikaa kwenye kigoda akinielekeza kwa kidole cha mguu. Aline alikuwa nyuma yetu akishona kamba ya begi iliyokatika; nilimsikia akipumua.

"Umefika mpaka ndani ya shingo," Koko akasema. "Hata miye vidole vyangu havifike kule. Nani alikufundisha kuosha hivi?"

Nikamwambia, "Mama."

Kisha nikashindwa kunyamaza. Nikamweleza kuhusu malewa yetu, na lori zikisimama zikiwa na matope mpaka kwenye vioo, na wewe ukipika sombe na makayabu, wale samaki wa chumvi, kabla watu hawajaamka. Nikamweleza jinsi ulivyonisimamisha mbele ya beseni nikiwa sijafika urefu wa meza, ukininyooshea kila sahani kwenye pua: "Nusa." Na ikinuka chochote cha jana, narudia. Nikamwambia neno lako, lile ulilosema kila nilipolalamika kwamba madereva wale hawatarudi tena wala hawatatujua: "Muntu anakula kwako hajui mama yako. Sahani njo itamwambia."

Koko akaondoa kidole chake cha mguu. Moshi ukapita kati yetu.

"Alisema hivyo?"

"Kila siku, Koko."

Hapo Aline akaangusha sindano yake, akaanza kusema kwa haraka, huku akicheka na kulia. "Koko, wacha nikuambie mambo ya huyu mama yake. Siku ya kwanza tulifika kwake, shangazi akamukatia fromaji kidogo aonje. Akaweka mukinywa, akatafuna, akatuangalia, akatema kwa mukono, akasema: Wamama, asante, lakini hii sabuni yenu haitoe povu! Tukamwambia ni chakula. Akakataa! Akachukua kile kipande, akaenda kukisugua mu maji, atuonyeshe!"

Nilikuwa nimeisahau siku ile, Mama! Ulisugua kweli, na kilipokataa kutoa povu ukawaambia wamedanganywa na mwenye kuwauzia. Na bado uliwapa sahani ya pili bure, ukisema watu wanaokula sabuni lazima wana njaa kubwa.

Koko alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Kisha sauti ikatoka, kicheko chembamba kama cha msichana, kikapanda na kupanda, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Fromaji yangu! Ile ilikuwa fromaji ya mikono yangu!" Na Papa Mateso, aliyekuwa nyuma ya ua akijifanya anafunga ndama, akacheka naye, akauliza mama huyo alifua nguo ngapi kwa sabuni ile.

Hatukuondoka kesho yake kama tulivyopanga. Koko alisema chombo hakijaiva, na kwamba mtu hawezi kuacha kazi ya moshi katikati. Basi tukaendelea kupumzika. Malengelenge yangu yakakauka. Aline alinionyesha mahali alipokuwa akiteleza kwenye majani akiwa mtoto, tukateleza tena, watu wazima wawili wenye pete, tukafika chini tumepakaa kijani. Nilifukiza asubuhi, nikafukiza jioni. Begi letu likajaa: maharage, chumvi mpya, sambaza, viazi, fromaji zilizofungwa kwenye majani ya migomba. Aline alinipaka siagi usoni kwa sababu ya baridi, nikanuka kama yeye, na nikawa na furaha ya kijinga nisiyoweza kukuandikia yote, wewe ni mama yangu.

Leo asubuhi Koko alikamua mwenyewe. Akamimina maziwa kwenye chombo cha mti, akanusa, akangoja kidogo, akanywa. Akampa Aline, naye akanywa. Kisha akaninyooshea mimi.

Nilisimama kukipokea. "Kaa chini," akasema. "Maziwa hainyweke wima." Nikakaa chini, nikakipokea kwa mikono miwili, nikanywa.

Nitakuambia ukweli kwa sababu wewe hukuwahi kupenda nikudanganye. Moshi ulikuwepo, mtamu. Na nyuma ya moshi, mbali kidogo, kwenye koo, bado kulikuwa na sabuni. Nikainua macho, na Koko alikuwa ananitazama, akajua nimejua.

"Iko sabuni kidogo," akasema. "Ni ya bamwana wangu. Kunywa."

Aline akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ilibidi anieleze: bamwana ni jina wanaloitana wazazi wa bwana na wazazi wa bibi, kwa maana sasa wana watoto pamoja. Halisemwi kwa mgeni. Halisemwi pia kwa mtu aliyekwisha kufa, kwa kawaida, lakini Koko alilisema kama mtu anayemtaja jirani aliye nyuma ya kilima. Nilikunywa mpaka chini. Sikujua kama naonja maziwa ama machozi yangu.

Kisha akapiga simu Mushaki, akatafuta rezo, mtandao wa simu, kule juu penye mikaratusi, akipiga kelele kama wazee wanavyopigia simu, na tulisikia yote kutoka uwanjani: "Muchinje kitu! Watoto wetu wanakuja! Ndiyo, wetu! Mwanaume iko mulefu, anatembea kama bata, lakini alilelewa!"

Alilelewa, Mama. Amelisema mlima mzima ukasikia.

Kesho asubuhi tunaendelea na njia. Koko ameniagiza kwako neno, na amekataa nilitume kwa maombi tu. Anasema bamwana hasalimiwi kwa mbali, mtu huenda kwa miguu yake akasimama mlangoni. Neno lenyewe ni hili: "Mwambie amelea vizuri. Ya maziwa hakumufundisha, lakini hiyo si kosa yake. Hiyo nitamalizia miye."

Basi pumzika, Mama yangu. Umepata mwenzako wa kusaidiana kunilea, na ni mkali kama wewe. Sisi tunakwenda kuwasalimu wajomba wa Mushaki, tutakula walichochinja, na kisha tutageuza na kuteremka. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa Mubi, mimi na Aline, pale ulipolala. Nitapalilia majani yote, nitakaa chini kama nilivyofundishwa, na mkwe wako atakusalimu kwa mdomo wake mwenyewe. Utungoje.

Mtoto wako,
Faustin